Mfupa wa Kitambaa Chekundu

Lund, Uswidi
6 Januari 2025

Shangazi Adelina,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Jenipher, na kwa kuku wako pia, maana najua nisipowasalimia utanuna. Mie mzima. Baridi ya huku ndiyo hiyo, nalala na soksi mbili na bado vidole sivisikii. Jumapili nilipata unga wa mahindi kwenye duka la Wasomali, nikasonga ugali, nikala peke yangu huku nacheka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Jenipher kaniambia simu yako ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuku, na yake hupendi kuitumia. Basi tuandikiane kama zamani.

Shangazi, nina ombi. Ile kazi yangu, ambayo wewe unasemaga "basi unafuga kuku waliokufa", ndiyo hasa. Tunachukua mifupa ya kuku wa kale, mingine ina miaka elfu moja, tunaitoboa kidogo, na kwenye ule unga wake tunatafuta vinasaba. Vya kuku mwenyewe, na vya kirusi alichokuwa nacho. Kuna ugonjwa unaitwa mareksi. Kirusi chake kinaacha alama mfupani, na alama hizo hazifutiki upesi. Tukilinganisha mifupa ya zamani na ya sasa tunaona kilivyobadilika. Zamani kilikuwa kipole, kuku anaishi nacho. Siku hizi kinamaliza banda zima. Tunataka kujua kiligeuka lini, na kwa nini.

Mifupa ya Ulaya tunayo tele. Ya kwetu hatuna, hasa yenye mwaka unaojulikana. Nikakumbuka chungu.

Sikuwahi kumweleza mtu huku mila ya nyumba yetu. Juzi nikawaeleza: kwetu mtu akilemewa na ugonjwa anachinjiwa kuku, anywe supu. Akipona, mfupa wa paja unatupwa mbali. Akifariki, mfupa unafungwa kwa kipande cha nguo yake, unawekwa chunguni, asiende na njaa. Mkuu wa maabara alisimama kabisa. Akauliza, "Kila mfupa una tarehe?" Nikamwambia kila mfupa una jina.

Utaniruhusu? Hatuvunji. Tunatoboa tundu dogo, kisha unarudi kwako. Kibali cha serikali nimeshaanza kukishughulikia.

Mwanao,
Noela


Mtoni, Temeke
2 Februari 2025

Noela, binti wa mdogo wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekuja kwa sanduku la parokia. Katibu akaniita mbele za watu baada ya misa, "Mama Jenipher, una barua ya Ulaya!" Wote wakanyoosha shingo. Sie tunaendelea, namshukuru Mungu. Jenipher ana mimba, umesikia? Harufu ya kitunguu tu anakimbilia nje, lakini kuku anamtaka kila siku, tena supu. Mume wake yuko Mtwara kikazi, basi karaha zote zangu. Bi Bahiya wa dukani anakusalimu, anasema ukirudi umletee krimu ya miguu.

Kuku wangu wanaanguka. Saba tangu Krismasi. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama mtu aliyeteleza kwenye matope akakwama hivyohivyo. Chakula anakiona, hakifikii. Bwana mifugo alikuja, akasema kideri, akaondoka zake. Kideri nakijua mie. Hiki siyo kideri.

Sasa hilo ombi lako. We mtoto una wazimu? Mifupa ya wazee ikatobolewe na Wazungu! Nilipanga nikujibu hapana, tena kwa herufi kubwa. Halafu nikawaza, marehemu baba yako angecheka, angesema "mpe". Haya. Ipo minne. Wa babu yangu, umefungwa kaniki, mwaka Waingereza walipolima karanga Nachingwea. Wa bibi yangu, mwaka wa Uhuru. Wa baba yangu Venance, mwaka wa vita vya Kagera. Wa mama yangu, mwaka wa mvua za El Nino. Minne.

Nikuulize kitu, siyo kwa ubaya. Huyo mdudu wa kuku anaweza kuhamia kwa mtu? Mathalani mtu kala kuku mgonjwa bila kujua. Nauliza tu. Unijibu kwa barua, usimpigie Jenipher.

Shangazi yako,
Adelina


Lund
27 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu anayekuja! Mwambie Jenipher nimemnunulia mtoto kofia ya sufu ambayo hataivaa hata siku moja kwa joto la Mtoni.

Naandika haraka, kibali kimetoka. Mwenzetu mmoja wa Morogoro, anaitwa Valerian, atafika kwako katikati ya Machi kuichukua mifupa. Mpe chai, ni mtu mpole. Usishangae akivaa glavu na barakoa. Siyo kwamba sie wachafu, ila pumzi yetu ina vinasaba vyetu na ingeharibu vya mfupa.

Swali lako: inategemea ugonjwa. Yapo magonjwa ya kuku yasiyomgusa mtu kabisa, na yapo kama mafua ya ndege ambayo yameua watu huko duniani. Kuku mgonjwa asiliwe, basi. Wala usimpe Jenipher.

Umesema minne, Shangazi. Na wa Baba? Siku ile baba mkubwa Nikodemu aliniambia kwa simu kwamba ilikuwa homa, na kwamba Baba alikunywa supu yako akaimaliza yote. Mpaka leo hiyo supu ndiyo kitu pekee kinachonifariji, kwamba hakuenda na njaa, na kwamba aliyempikia ni wewe. Mfupa wake ndio mpya kuliko yote, na bila mpya hatuna cha kulinganisha na ya zamani. Uko wapi?

Noela


Mtoni
23 Machi 2025

Noela,

Hatujambo. Jenipher hajambo, tumbo limeanza kuonekana. Salamu ziishie hapo, nina haraka.

Huyo Valerian wako alikuja Jumanne, mie nimekwenda soko la Tandale kuulizia mashudu. Kavaa glavu na barakoa na koti jeupe uani kwangu, Bi Bahiya kachungulia ukutani, mtaa mzima ukaambiwa kwa Adelina kuna maradhi. Hadi leo watu wananunua mayai kwingine. Lakini hilo siyo ishu. Jenipher, kwa ukarimu wake usio na akili, akampa kila kilichomo chunguni. Mitano, Noela. Nilirudi nikakuta chungu kitupu na karatasi ya kupokelea.

Ule wa kitambaa chekundu usiuguse. Ni kipande cha lile shati la baba yako, utalijua. Usiutoboe, usiupime, hata kuufungua usiufungue. Urudishe kama ulivyo. Mingine minne ifanyieni mnavyotaka, lakini ule usiuguse. Usiniulize kwa nini. Mama yako alipofariki nilikubeba mgongoni mie, ukiwa na miaka miwili. Sijawahi kukudai kitu. Leo nakudai hiki.

Ningekupigia, lakini simu ni ya Jenipher, na hili sitaki Jenipher alisikie. Barua nampa katibu wa parokia aipeleke posta kesho asubuhi. Namwomba Mungu ikuwahi.

Adelina


Lund
14 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo! Wiki Takatifu njema. Huku jua limetoka, watu wanalala kwenye majani kama mijusi, na mie nimo.

Mifupa imefika salama, yote mitano! Nilijua utanipa na wa Baba. Nilipokiona kitambaa cha shati lake jekundu nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa nikarudi kazini. Nimeutoboa mwenyewe kwa mkono wangu, sikutaka mtu mwingine aushike.

Sasa sikia. Wa babu yako wa Nachingwea una mareksi! Lakini ile ya zamani, dhaifu, kuku wake labda hakuwahi hata kukohoa. Wa mwaka wa Uhuru hauna kitu. Wa vita vya Kagera, kirusi kimo na kimeanza kuota meno. Wa El Nino bado tunaupima. Na ule wa Baba, Shangazi, umejaa! Ni kile kikali kabisa cha siku hizi. Kuku yule alikuwa mgonjwa kwelikweli, sijui kama mlimwona, pengine alikuwa ameshaanza kuchechemea. Mkuu wa maabara anasema mfupa huo ndio utakaobeba utafiti wote. Nimefurahi mno. Baba anakuwa maarufu!

Mbona hujajibu ya Februari?

Noela wako


Mtoni
11 Mei 2025

Noela,

Tumsifu Yesu Kristo. Jenipher hajambo, au nilidhani hajambo, nitafika huko.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni pa parokia, nikakaa chini palepale kwenye ngazi. Kumbe yangu haikukuwahi. Umeshautoboa. Na unafurahi! Unaniuliza kama tulimwona akichechemea.

Nilimwona.

Nakuandikia neno ambalo hata padre sijamwambia. Agosti ile baba yako aliumwa kichwa siku mbili, anasema macho yana ukungu. Ilikuwa wakati wa korona, watu waliogopa hospitali kuliko kaburi. Ijumaa mchana akaniambia, "Da Adelina, nina hamu ya supu." Kuku mnene niliyekuwa naye alikuwa mmoja, mtetea mweusi. Tangu asubuhi alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Nikajisemea ameteguka, watoto wamemrushia jiwe. Nikamchinja. Ini lilikuwa limevimba, lina madoa meupe. Nikalitupa ini. Nyama nikaipika. Sijui nilikuwa na akili gani, Noela, nilimwona mgonjwa na nikajidanganya kwa sababu ndugu yangu alikuwa na hamu. Akanywa bakuli lote, akalamba kijiko, akasema sijawahi kupika supu kama ile.

Jumatatu asubuhi mguu wake wa kushoto haukusogea. Wala mkono. Na mdomo ukaenda upande. Mguu wa kushoto, uleule. Nikautazama umelala pale kitandani, nikamwona yule mtetea. Saa tisa alasiri akakata roho. Ulipopiga simu tulikubaliana na kaka Nikodemu tukwambie homa, uko mbali, safari zenyewe ngumu, tusikutie hofu zaidi.

Tangu siku hiyo sijala kuku. Hakuna aliyegundua, mfuga kuku nani atamwuliza? Kwenye komunyo naingia mstarini, nikikaribia nachepuka.

Halafu unaniandikia kwamba supu ile ndiyo faraja yako. Niliposoma vile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa Jenipher. Wiki iliyopita nikiwa Tandale alijichinjia kuku bandani, akapika, akala. Jana kaamka, "Mama, mguu wangu una ganzi." Wa kushoto. Naogopa, mwanangu. Namwangalia akitoka chumbani kwenda uani, nahesabu hatua zake, nikimwona anayumba moyo unasimama.

Tarehe 9 Agosti ni kumbukumbu ya miaka minne. Kaka Nikodemu anakuja na ukoo wote kutoka Newala. Nitasimama niseme nilimuua Fredrick kwa supu. Afadhali niseme mwenyewe kuliko wakaja kulisoma kwenye vitabu vyenu.

Adelina


Lund
2 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako ya Machi ilinifikia tarehe 5 Mei, muhuri wa posta ni wa 22 Aprili, sijui katibu aliilaza wapi. Ya Mei imefika leo. Nimepiga kwa Jenipher mara tatu, na kila akikupa simu unasema mtandao mbaya unakata.

Nisikilize. Mareksi haihamii kwa mtu. Kuku wenye hicho kirusi wanaliwa kila siku duniani kote, na hakuna mtu hata mmoja aliyepooza kwa sababu yake. Katika mwili wa mtu hakina pa kuingilia. Jenipher apelekwe kliniki, siyo kwa sababu ya kuku, kwa sababu ni mjamzito. Banda lichome moto, vumbi la manyoya ndilo linaloeneza. Ukinunua vifaranga, ununue waliochanjwa siku ya kuanguliwa.

Usisimame mbele ya ukoo. Nakuomba kwa magoti.

Umeandika upande wa kushoto, na mdomo, na macho yenye ukungu. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Niliambiwa homa. Nimerudia kuyasoma sijui mara ngapi. Leo siwezi kuandika zaidi.

Noela


Mtoni
25 Juni 2025

Noela,

Marahaba. Jenipher nimempeleka kliniki. Nesi akacheka, akasema mtoto kalalia mshipa, mguu utaamka. Umeamka kweli. Nilipiga magoti palepale kati ya mabenchi, wakadhani nimeanguka. Banda nimelichoma. Nimebaki na uwanja mtupu na majivu, na Bi Bahiya ambaye anauliza kila siku nilikuwa naficha nini.

Lakini mguu wa baba yako haukuamka.

Unanifariji kama mtoto mdogo. Mie sikusoma sana ila kuuliza najua. Mfupa umekuonyesha mareksi, sawa. Je, kama kuku yule alikuwa na kingine kisichoacha alama mfupani? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mafua ya ndege yameua watu. Niapie basi, kwa mfupa huohuo, kwamba hakikuwamo kitu kingine. Huwezi, ee?

Na barua yako imekatika njiani. Nimekulea mie. Ukinyamaza una kitu, ulikuwaga hivyohivyo ukivunja kikombe. Kama siyo kuku, nini kilimuua ndugu yangu? Mtu mwenye nguvu zake, anachonga mpingo kutwa kucha. Niambie. Usiponiambia, tarehe 9 nasimama.

Adelina


Lund
16 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mwishehe, kijana wa Mbagala anayesoma huku, anapanda ndege kesho kutwa. Nimemwambia asimpe Jenipher wala katibu, akupe mkononi, na akukute umekaa.

Siwezi kukuapia. Umesema kweli, mafua ya ndege hayakai mfupani kama mareksi, vinasaba vyake havidumu. Mfupa unanionyesha kilichobaki ndani yake tu. Kwa hiyo itabidi niseme mie, mfupa hautanisaidia.

Baba alikuwa na presha. Aligunduliwa mwaka mmoja kabla ya kifo, akapewa vidonge vya kila siku, vya maisha yote. Wewe hakukwambia, alisema utamfuata na kikombe cha maji kila asubuhi mpaka Mwenge kwenye vinyago vyake. Mie nilijua. Mwezi Mei mwaka ule alinipigia, akasema ameviacha. Alisema vinamlegeza mikono, patasi inateleza, amepasua kinyago cha wiki tatu. "Nikishindwa kushika patasi mie nani, Noela?" Kisha akasema, "Usimwambie Da Adelina." Nikamjibu haya Baba. Nilicheka, Shangazi. Nilikuwa na mtihani kesho yake. Nilicheka, nikakata simu, nikarudi kusoma.

Kichwa siku mbili, macho yenye ukungu, upande mmoja, mdomo. Hicho ni kiharusi. Mliponiambia homa nilishukuru. Nilishukuru! Kwa sababu homa haina uhusiano na vidonge. Miaka minne nimeing'ang'ania hiyo homa, na supu yako pamoja nayo, kumbe wewe umebeba mzigo ambao ni wangu. Ningekwambia Mei ile, ungemlazimisha avimeze. Angekununia, angechonga vibaya, na angekuwa hai.

Tarehe 9 ukisimama, simama na barua hii. Isome kwa sauti, wote wasikie.

Nimefanya kazi na virusi miaka yote hii na sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoogopa kuifunga bahasha hii. Utaikunja, hutaniandikia tena, na sina mwingine huko.

Noela


Mtoni
24 Agosti 2025

Noela,

Hujambo, mwanangu? Mwezi mzima sikujua nikusalimie vipi, ndiyo maana nimechelewa. Sie wazima. Jenipher amejifungua tarehe 17, msichana, mnene, ana sauti mpaka Bi Bahiya anamsikia dukani. Kofia yako ya sufu ameivaa dakika moja, akalia, tukamvua.

Mwishehe alinikuta nimesimama. Akasema nikae kwanza, nikamwambia akae yeye. Nikasoma. Nilikukasirikia, sitakuficha. Picha yako ya ukutani niliigeuza ikatazama saruji. Siku nne nazunguka uani nasema peke yangu, "Alijua! Alijua!", mpaka Bi Bahiya akauliza ng'ambo ya ukuta nagombana na nani, na kuku sina. Siku ya tano nikalivuta sanduku la zana za baba yako. Tangu azikwe sikuwahi kulifungua, sikutaka kuziona patasi zake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kupangusia, kulikuwa na paketi tatu za vidonge, hazijaguswa. Sanduku limekaa chini ya kitanda changu miaka minne, Noela. Miaka minne naomba Mungu anionyeshe, na kumbe ni kuinama tu. Nikairudisha picha yako.

Tarehe 9 tulisali misa, ukoo ukakaa uani. Nikasimama. Nikasema Fredrick alikuwa na presha, akaacha dawa kwa ajili ya patasi, akaficha, akapata kiharusi. Na habari ya kuku aliyechechemea nikaisema, na ini, sikuacha kitu. Kaka Nikodemu akauliza, "Kwamba ameacha dawa, nani alijua?" Watu wote macho kwangu. Barua yako ilikuwa kifuani, ndani ya kitenge. Nikasema, "Marehemu alijua." Akasema haya. Pilau likaletwa.

Usinishukuru. Sikukuficha ili ulale usingizi. Krismasi uje umwambie Nikodemu kwa mdomo wako mwenyewe, mie nitakaa pembeni yako. Na mfupa wa baba yako uje nao, na tundu lake hivyohivyo. Chungu hakijazibwa, kinausubiri.

Sasa ya jana. Jenipher anadai supu ya kuku tangu atoke leba. Ana haki, mzazi gani wa kwetu anatunzwa bila supu? Nilimzungusha wiki nzima, leo uji, kesho mtori, akaanza kulia. Kaka Nikodemu alikuwa ameniletea mitetea mitatu kutoka Newala kwenye tenga. Jana mchana nikaitembeza uani mmoja mmoja, natazama miguu. Nikachukua aliyekimbia vizuri kuliko wenzake. Ini lilikuwa jekundu, safi, nimeligeuza mara kumi. Nikapika. Lakini kumpa mtoto wangu sikuweza, mkono ulikataa kunyanyua bakuli. Nikasema, Adelina, kwanza wewe. Nikanywa. Nikala na paja, lote, mpaka nikaufikia mfupa. Nikamwambia Jenipher yeye atakunywa kesho. Akaniambia nina wazimu, akanigeuzia mgongo.

Mfupa niliuweka juu ya kabati. Sikujua bado ni wa kwenda wapi.

Leo nimeamka. Kabla ya kufumbua macho nilijaribu mguu wa kushoto. Ukasogea. Nikajaribu tena, ukasogea. Nikampashia Jenipher supu, akanywa mabakuli mawili bila kupumzika, na mtoto ananyonya huku. Kisha nikapanda kiti, nikauchukua ule mfupa, nikatoka nao hadi kule bondeni nyuma ya kanisa, nikautupa mbali kwa nguvu zangu zote.

Mie shangazi yako,
Adelina